Aliyeitwa Mara Tatu: Wasifu wa Marehemu Cephas Obare Omuga

Wasifu huu haufanani na ule mliogawiwa langoni. Fungueni programu ukurasa wa tatu, mtaona kamati ya mazishi imeandika kwamba marehemu Cephas Obare Omuga "alifanya kazi serikalini na baadaye akaandika vitabu", kisha chini yake wameweka picha ya maua. Miaka thelathini na moja ya kazi imemalizwa kwa mstari mmoja na ua. Hii karatasi nyeupe iliyopachikwa katikati ya programu ilichapwa jana Sindo na dada yake, Linet, ambaye ndiye anayeisoma. Mzee wa kamati aliyemwomba awe mfupi alishapewa jibu lake. Jua ni kali na hakuna hema, hilo familia inalijua na sababu yake itasemwa. Mwenye mwavuli amsitiri jirani yake.

Cephas alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964 katika boma hili, nje kidogo ya Sindo, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Omuga, aliyekuwa mvuvi, na marehemu Mama Dorka, aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, na kuwauza sokoni. Linet alimtangulia kwa miaka miwili na alimbeba mgongoni mpaka watu wakamtania kwamba ameota kibyongo.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa, kioo cha karabai ya baba yake kilivunjika, na omena hawavuliwi bila taa. Linet alikutwa karibu na vipande, akachapwa yeye. Cephas alikuwa amejibanza nyuma ya jiko, akaona yote, akanyamaza siku tatu nzima. Siku ya nne, watu wakiwa wanakula, aliacha tonge lake akasimama. "Baba, ni mimi nilivunja," akasema. "Nichape, lakini mbele ya watu wote, na useme kwa sauti kwamba Linet hakufanya." Mzee Omuga alicheka nusura apaliwe. Linet hakucheka, na fimbo ile anaikumbuka hadi leo. Cephas mwenyewe ndiye aliyeagiza kisa hiki kisiachwe.

Alisoma shule ya msingi hapa Sindo kuanzia 1971 hadi 1977, kisha akaenda sekondari mjini Homa Bay, ambako alimaliza kidato cha sita mwaka 1983. Alitaka kusomea sheria lakini nafasi hakupata. Akafundisha kwa muda shule ambayo haikuwa na hata ubao wa maana, na mwaka 1986 akajiunga na polisi. Sheria aliisoma ukubwani, akiwa na watoto watatu, akisafiri kwenda Nairobi kila likizo na begi la vitabu na chupa ya uji. Aliapishwa kuwa wakili mwaka 2007 akiwa na miaka arobaini na mitatu. Siku hiyo Mama Dorka alivaa viatu vipya vilivyombana akakataa kuvivua mpaka waliporudi nyumbani.

Kazi ya kuongoza mashtaka aliianza Homa Bay mwaka 1991, akiwa bado polisi. Alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliicheka. Kwenye makaratasi ya mahakama, kesi ya mauaji ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na yule aliyeuawa hana nafasi hata kwenye jalada. Cephas alikuwa akichukua penseli na kuandika jina la marehemu juu ya faili, majina yote matatu, na kabla ya kesi kusikilizwa alienda kusimama mahali mtu huyo alipoangukia. Alichafua viatu vingi kwa njia hiyo. Alikuwa mkali, mwepesi wa kukasirika, na karani aliyepoteza karatasi yake alitamani ardhi ipasuke. Wezi wa mifugo walimjua, na mawakili wao walimjua zaidi.

Mwaka 1994 alihamishiwa Kehancha, na huko ndiko alikompata mke. Mellen, binti wa Mzee Ryoba, alikuwa mkalimani wa mahakama, akitafsiri Kikuria kwa Kiswahili. Siku ya kwanza Cephas aliuliza swali refu, shahidi akangoja, mahakama ikangoja, na Mellen akanyamaza.

"Mkalimani, mbona hutafsiri?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, hilo swali halina kichwa," Mellen akajibu. "Nikilipeleka kwa Kikuria hivyo, huyu mzee ataniuliza kama nimelewa. Huyu polisi aulize tena, aulize vizuri."

Cephas aliuliza vizuri. Akaendelea kuuliza vizuri kwa miaka miwili, hadi tarehe 14 Desemba 1996 walipofunga ndoa kanisani Kehancha. Mzee Ryoba alimpima mkwe wake kwa macho akamwambia, "Wewe Mjaluo, msichana wangu utamlisha samaki kila siku?" Cephas akasema, "Hapana mzee, atakula anachotaka." Mzee akatikisa kichwa: "Basi hutamweza." Walijaliwa watoto watatu, Damaris, Wesley na Cate. Lugha ya nyumba yao ilikuwa Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake. Ndiyo maana wasifu huu unasomwa kwa Kiswahili, na wakwe zetu waliosafiri kutoka Kehancha wanausikia bila mkalimani.

Sasa tunafika mahali ambapo kamati iliweka ua.

Tarehe 17 Julai 2014, kabla jua halijachomoza, wanaume wawili walikunywa chai katika nyumba ya Benta Awuor, hapa hapa kata hii. Mmoja alikuwa mumewe, Maxwell Ochieng, mnunuzi wa ng'ombe. Wa pili alikuwa dalali wa ng'ombe, rafiki wa nyumba hiyo. Benta aliwamiminia chai kwa mkono wake, akawaona wakiondoka pamoja kwenda mnada wa Ogwedhi. Dalali alirudi. Maxwell aliokotwa siku ya pili kando ya barabara upande wa Uriri, kichwa kimepasuliwa. Dalali akasema hakuwa ameonana na Maxwell wiki nzima. Aliyeweza kumsuta mbele ya jaji alikuwa mtu mmoja tu duniani, yule aliyemimina ile chai.

Kesi ilisikilizwa mjini Migori, Cephas akiwa kiongozi wa mashtaka, na juu ya faili akaandika kwa penseli: Maxwell Ochieng Nyamori. Iliahirishwa mara mbili. Tarehe ya mwisho ikawekwa Jumanne, 8 Machi 2016, saa tatu asubuhi, na jaji akasema hataahirisha tena.

Watu wa hapa hawahitaji kuelezwa, lakini wageni waelezwe. Mjane ambaye desturi za mumewe hazijamalizwa halali nje ya boma lake wala haingii nyumba ya mtu mwingine. Ni kama wenzetu Waislamu wanavyokaa eda, ila huku mwisho wake haupangwi na kalenda, unapangwa na shemeji. Na shemeji za Benta walikuwa wakivutana mwaka wa pili bila kuimaliza shughuli. Kutoka hapa hadi Migori kwa saa tatu asubuhi, lazima mtu awe amelala Migori. Benta alimwambia mpelelezi, "Mimi ni chi liel, mke wa kaburi. Nikilala huko, hawa watoto wangu wakiugua hata mafua nitaambiwa ni mimi nimewaua. Mwambie huyo Obare anibadilishie saa, ama aje na jaji hapa, nitasema yote." Mpelelezi akafikisha ujumbe. Cephas aliupokea mapema, Ijumaa, siku nne kabla ya kesi.

Naye ni mtoto wa hapa. Mama yake mwenyewe alikaa hivyo hivyo Mzee Omuga alipofariki.

Jumanne ikafika. Karani akatoka kwenye kibaraza cha mahakama akaita kama wanavyoita siku zote: "Benta Awuor! Benta Awuor! Benta Awuor!" Akarudi ndani akasema shahidi hayupo. Jaji akamgeukia kiongozi wa mashtaka na kumuuliza kama ana maelezo yoyote kuhusu shahidi wake. Sentensi moja tu ingetosha. Aseme huyu mama yuko kwenye maombolezo ya mila, hawezi kulala nje, naomba tuanze saa nane. Lakini wakili wa utetezi alikuwa ametoka Nairobi na suti yake, ameketi pale anatabasamu, na Cephas Obare Omuga, aliyeogopwa na makarani wa mahakama tatu, aliona haya. Aliona haya kusema habari za mila mbele ya wasomi, aonekane mshamba.

"Sina maelezo, Mheshimiwa," akasema.

Jaji alifuata sheria. Ushahidi uliobaki haukutosha, mshtakiwa akaonekana hana kesi ya kujibu, akaachiliwa huru. Kwa kuwa aliachiliwa, hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile, na ndiyo maana jina lake halisomwi hapa. Cephas aliiheshimu sheria hata ilipomng'ata.

Jioni ile Mellen alimuuliza mumewe kwa nini hakusema.

"Ningechekwa."

"Kwani serikali inakulipa usichekwe?" Mellen akamwambia, akaingia kulala bila kumpakulia.

Aliyelipia haya ile hakuwa Cephas. Kabla ya wiki kuisha, habari ilikuwa imeenea ufuo mzima kwamba Benta aliitwa mara tatu akakataa kwenda. Wakasema amehongwa na dalali. Wakasema wana lao. Shemeji wale wale waliomfungia kwenye boma ndio waliosema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba ameuza damu ya ndugu yao. Sokoni wanawake wakakataa kuanika omena karibu naye. Wapo wengi hapa leo waliosema maneno hayo, na Linet aliyasikia kwa masikio yake, na anawaona mlipoketi.

Cephas aliacha kazi tarehe 31 Machi 2017 akaanza kuandika visa vya kweli vya mauaji. Kitabu chake cha kwanza, *Mmoja Alirudi*, kilitoka mwaka 2018. Kilikuwa kuhusu kifo cha Maxwell na watu walikinunua, wakampigia simu redioni, akaitwa mwandishi. Alimpelekea Benta nakala. Wiki mbili baadaye, asubuhi, Benta alifika katika boma hili, desturi zikiwa zimemalizwa na sasa akiwa huru kutembea, kitabu kikiwa ndani ya mfuko wa unga. Linet alikuwepo. Benta alikataa kiti.

"Mtoto wangu amenisomea," akasema. "Ukurasa wa themanini na sita umeandika 'shahidi hakufika'. Obare, sikufika? Wewe ulijua niko wapi."

"Mama, hivyo ndivyo faili ya mahakama inasema."

"Faili ni wewe uliiandikisha! Mimi wananiita muuza damu miaka miwili, nikasema sawa, hawa hawajui. Kumbe yule anayejua ndiye anachapisha!"

Akaweka kitabu chini kwenye mchanga, si mezani, akaondoka. Cephas alibaki amekitazama. Kisha yeye, mzee wa miaka hamsini na nne, akamgeukia Linet akasema, "Nimevunja tena karabai." Linet hakumbembeleza. Alimwambia ainuke aende madukani akavirudishe vitabu vyake.

Naye alivirudisha. Alipita Homa Bay, Migori na Kehancha akiviondoa rafuni kimoja kimoja, wauza vitabu wakimshangaa. Toleo la pili lilitoka mwaka 2020, na sura yake ya kwanza inaanza hivi: "Shahidi hakukataa kuja. Kiongozi wa mashtaka alijua alipo, akaona haya kusema. Kiongozi huyo ni mimi." Waliokuwa wenzake waliacha kumpigia simu. Mmoja alimwambia amewavua nguo wanasheria wote, Cephas akamjibu kwamba alijivua yeye, wengine wajiangalie wenyewe. Aliandika vingine viwili baada ya hapo, na katika kila kimoja jina la aliyeuawa liko juu kuliko jina la mwandishi.

Lakini Benta hakusafika. Watu wa hapa vitabu hatusomi, na toleo la pili ndilo halikusomwa kabisa. Muuza damu akabaki muuza damu. Cephas alijaribu kusema kanisani, akaambiwa mahali pale ni pa ibada. Akajaribu kwenye baraza la chifu, akaambiwa asifukue mambo. Mwisho alimwambia Linet maneno ambayo dada huyo mwanzoni aliyadhani utani: "Vitabu hawasomi, lakini mazishi hawakosi. Nitawangojea huko."

Alianza kuumwa mwaka 2023. Ilikuwa saratani ya tezi dume, na ingetibika kama angesema mapema. Mwaka mzima alikojoa kwa shida akanyamaza, akimwambia Mellen ni baridi. Aliona haya kupimwa! Linet alipojua alimfokea hapo hapo wodini mpaka muuguzi akaja kumtoa, na hajutii. Wanaume mlioketi hapa mkifikiria kwamba hili halisemwi mazishini, haya hiyo hiyo ndiyo iliyomuua aliyelala mbele yenu, na kabla ya hapo ilimwacha muuaji wa Maxwell, awaye yote, atembee. Kapimweni Jumatatu.

Alilazwa mara ya mwisho mjini Homa Bay tarehe 11 Agosti 2025. Mellen hakuondoka pembeni mwa kitanda. Siku alizokuwa na nguvu alimwagiza Linet la kuandika, naye akamsomea, na Linet alipokosea tarehe, Cephas alimrekebisha kwa ukali ule ule wa mahakamani. Alifariki Jumatano, tarehe 3 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Kamati ilipoletewa wasifu huu, ilisema unaleta fujo. Kisha siku ya Alhamisi lori likaingia hapa na mahema matano na viti, meupe, ya kifahari. Linet akauliza yametoka kwa nani. Mwenyekiti akataja jina la yule dalali, ambaye siku hizi ni mtu mkubwa na hutangulizwa kwenye harambee.

"Ametukumbuka," mwenyekiti akasema. "Ameandikwa vibaya, lakini amesamehe."

"Amesamehe nini?" Linet akauliza.

Mellen akatoka ndani, na kanga ya kufiwa mabegani, akamwambia dereva kwa upole ageuze lori kabla hajawaita ndugu zake kutoka Kehancha. Lori liligeuzwa. Ndiyo maana leo mnachomwa na jua, na Cephas angefurahi sana.

Marehemu ameacha mjane wake, Mellen, watoto wake, Damaris, Wesley na Cate, wajukuu wanne, dada yake, Linet, na vitabu vitatu. Ameacha pia faili moja yenye jina lililoandikwa kwa penseli, ambalo halijafutika.

Na ameacha agizo. Kiti kilichoko mbele kabisa, ambacho kamati ilimwandalia mgeni wa heshima, amekikalia mwanamke mwenye kitambaa cha buluu. Mellen alimfuata kwake jana kwa miguu, akamwomba aje. Shemeji zake wako hapa. Wanawake wa sokoni wako hapa. Chifu yuko hapa na mchungaji yuko hapa. Cephas alisema aitwe tena kama alivyoitwa Migori, kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale waliosema alikataa, na kwamba yeye mwenyewe asiteremshwe kaburini kabla hajajibiwa. Waliobeba jeneza wangoje.

Benta Awuor!

Benta Awuor!

Benta Awuor!

Akishaitikia, Cephas Obare Omuga na apumzike kwa amani.